Maharamia Wasio na Mikono

MHAKIKI: Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo filamu hii inapoanza kuteleza. Mtoto wa London au Chicago akitajiwa haramia kwa lugha yake, anaona kofia yenye unyoya, kasuku begani na ramani ya hazina. Kiswahili hakikutupa anasa hiyo. Haramia ni mtu wa haramu. Jina lake limetoka kwenye hukumu, na hakuna fundi aliyewahi kulishonea nguo ya sikukuu. Sasa njoo kwenye The Pirates Who Don't Do Anything, yaani maharamia wasiofanya lolote, filamu ya katuni iliyotoka Marekani tarehe 11 Januari 2008. Aliyeiongoza ni Mike Nawrocki, aliyeiandika ni Phil Vischer, na wasambazaji ni Universal. Vipenzi vyake ni tango, mumunye na zabibu waliovishwa kiharamia ili watoto wacheke. Mwezi Septemba wa mwaka uleule, maharamia wa Somalia waliiteka MV Faina ikiwa njiani kuja Mombasa, tumboni ina vifaru 33 vya aina ya T-72. Novemba wakaichukua Sirius Star, meli ya mafuta yenye mapipa yapata milioni 2, ikiwa mamia ya maili kusini mashariki mwa Mombasa hiyohiyo. Silaumu filamu kwa kutojua yajayo. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyezoezwa kumcheka haramia kabla hajaambiwa nani aliibiwa, nani aliuawa na nani alisubiri nyumbani bila habari, amepewa mzaha mahali pa maarifa. Na mzaha ukitangulia, maarifa hupata kazi kubwa kuingia.

MWALIMU: Umeisoma kofia, Bwana Mhakiki, hadithi hujaifungua. Watatu hawa si maharamia. Elliot, Sedgewick na George ni watumishi katika ukumbi ambamo wageni hula chajio huku wakitazama mchezo wa maharamia jukwaani. Wao hawamo mchezoni. Wanahudumia meza, wamevaa nguo za kiharamia kwa sababu kazi inawataka wavae, na ndoto yao ni kupandishwa jukwaani siku moja nao wapigiwe makofi. Elliot ni mwoga, Sedgewick ni mvivu, George hajiamini hata chembe. Ndipo chombo cha duara kiitwacho Helpseeker, tukiite Mtafuta-Msaada, kinapowaibukia na kuwachukua hadi karne ya 17, kwa mwito wa binti mfalme Eloise ambaye kaka yake, Alexander, ametekwa na haramia Robert. Huyo Robert ndiye haramia wa kweli humu ndani, na hakuna anayeombwa ampende. Ni ndugu wa mfalme aliyejaa kinyongo, anateka nyara mtoto wa nduguye. Kwa hiyo uharamia haukusafishwa. Umewekwa pale ulipo, upande wa uovu, na wale waliovaa mavazi yake wanaulizwa swali moja tu: wewe uliyevaa, unaweza nini? Hadithi yote inatembea kati ya vazi na tendo. Usipoona hilo utabaki kuipigia kelele kofia.

Na tazama jambo jingine dogo. Viumbe hawa hawana mikono. VeggieTales, mfululizo wa katuni walikotoka, ulipoanza mwaka 1993, kompyuta za wakati ule zilikuwa na shida kubwa ya kuchora mikono, miguu, nguo na nywele zinazotembea, na Vischer akachagua viumbe visivyo na hata kimoja kati ya hivyo. Mboga zikashinda. Sasa nitajie haramia asiye na mikono anaiba nini. Hata upanga unapomkaa ubavuni, unakaa kwa hisani ya mchoraji. Mtoto wa miaka mitano anaijua hisani hiyo kuliko sisi wakubwa, na ndiyo maana anacheka.

MHAKIKI: Basi nami niulize: kama wao si maharamia, na haramia wa kweli ni mwovu, kwa nini hadithi ikahitaji kofia kabisa? Wangekuwa wapishi. Wangekuwa wazima moto. Jibu ni kwamba kofia inauza, na inauza kwa sababu jukwaa la Ulaya limeisugua kwa miaka mia tatu mpaka damu ikatoka. Hilo si neno la hasira, lina tarehe zake. Mwaka 1695 Mwingereza Henry Every aliiteka Ganj-i-Sawai, meli ya Aurangzeb, mfalme wa Mughal, ikirudi India kutoka Bahari ya Shamu na mahujaji ndani yake. Abiria waliteswa ili waonyeshe mali ilipofichwa, wanawake wakafanyiwa unyama. Haya yalitendeka katika maji yetu haya ya Bahari ya Hindi, juu ya watu waliokuwa wanatoka kuhiji. Miaka 17 baadaye, mwaka 1712, ukumbi wa Drury Lane jijini London ulionyesha tamthilia ya Charles Johnson iitwayo The Successful Pyrate, na Every, kwa jina la kubuniwa, ametawazwa mfalme wa Madagaska. Miaka 17 tu. Waliokuwa vijana melini walikuwa bado hai, na jukwaa limekwishamvika taji aliyewapora.

Ukishapajua pale pa kuanzia, unaiona njia nzima. Mwaka 1879 Gilbert na Sullivan walitunga The Pirates of Penzance, opera ya kuchekesha ambamo maharamia wana moyo laini hata hawawezi kumwibia yatima, na mwisho wanabainika kuwa mabwana wa tabaka la juu waliopotea njia. (Kichekesho kikubwa kiko nje ya mchezo: walikwenda kuufungulia New York, tarehe 31 Desemba, kwa sababu kazi yao iliyotangulia, H.M.S. Pinafore, ilikuwa imechezwa Marekani kila kona bila wao kulipwa ipasavyo. Opera ya maharamia ilikimbizwa na uharamia wa kazi za sanaa.) Mwaka 1883 kikatoka kitabu cha Stevenson, Treasure Island, na mguu mmoja wa Long John Silver. Mwaka 1904 Kapteni Hook akapanda jukwaani katika Peter Pan. Haramia asiyefanya lolote hakuzaliwa mwaka 2008, Mwalimu. Ni mjukuu. Amerithi kicheko kilichokwisha kulipiwa na wengine.

MWALIMU: Nasaba hiyo umeieleza vizuri, na siipingi hata tarehe moja. Lakini umesahau ukurasa mmoja: maharamia wenyewe walikuwa waigizaji kabla jukwaa halijawaiga. Kitabu maarufu cha habari zao, kilichotoka London mwaka 1724, kinasimulia jinsi Blackbeard alivyokuwa akichomeka tambi zenye moto chini ya kofia yake wakati wa mapambano ili uso wake uonekane umetoka jehanamu. Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu meli inayosalimu amri kwa hofu haiharibiki, mali haizami, na mporaji hafi. Bendera nyeusi yenye fuvu ilikuwa tangazo la mchezo unaokuja, na biashara nzima ilitegemea mtazamaji aamini. Sasa waigizaji wanapomchukua mtu wa namna hiyo wakamgeuza kichekesho, wamemnyang'anya silaha yake ya kwanza. Hofu ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Unaita kusafisha, mimi naona ni kufilisi.

Na sisi tusijifanye tuna mikono misafi. Sungura wetu ni mwizi. Anaiba maji ya kisima alichokataa kuchimba, anamponza Fisi, anaondoka salama, na watoto wanataka arudiwe kesho. Abunuwasi anamlaghai kadhi, sultani na jirani, na hakuna bibi Zanzibar wala Lamu aliyeacha kumsimulia kwa kuogopa kwamba wajukuu watakuwa matapeli. Mtoto anajua mlango wa hadithi. Ukisema paukwa, akajibu pakawa, ameingia mahali ambapo wizi una kazi nyingine: unamfundisha kwamba mnyonge ana akili. Kwa nini mlango huo uwe wazi kwa Sungura, ufungwe kwa tango?

MHAKIKI: Kwa sababu Sungura anamwibia Simba. Hilo ndilo jibu, na ni jibu la haki. Katika ngano zetu ujanja unapanda, unatoka chini unakwenda juu, na kicheko ni cha aliyezoea kukandamizwa. Abunuwasi pia, mwathirika wake wa kudumu ni mwenye cheo. Every hakumpora Aurangzeb peke yake. Mfalme hakuwamo melini. Alipora waliokuwamo. Haramia wa jukwaani ameazimwa heshima ya Sungura bila kuifanyia kazi.

BAHARIA: Mnaniruhusu? Nyinyi nyote wawili mnamzungumzia haramia kana kwamba baharini kuna haramia tu. Katika nasaba aliyoitaja Mhakiki na katika ngano alizozitaja Mwalimu, hamkumtaja mtu anayeendesha meli. Tazameni filamu yenyewe: yuko mwana wa mfalme aliyetekwa, yuko dada anayemlilia, wako waokozi, yuko mtekaji. Mateka ni mmoja, tena ni mtoto wa ikulu. Ndiyo maana Mtafuta-Msaada kikapatikana upesi. Sasa chukueni MV Iceberg 1, iliyotekwa Machi 2010 katika Ghuba ya Aden. Mabaharia wake walikuwa watu wa Yemen, India, Ghana, Sudan, Pakistan na Ufilipino, watu wa mshahara. Fidia haikulipwa, mwenye meli akawaachia, na walikaa mikononi mwa watekaji mpaka Desemba 2012, majeshi ya Puntland yalipowatoa. Karibu miaka mitatu. Faina ilikaa zaidi ya miezi minne, ikaachiwa Februari 2009 kwa fidia iliyotajwa kuwa dola milioni 3.2. Sirius Star ilikaa chini ya miezi miwili. Pangeni hizo tatu mstari mmoja mtaona ni nini kinachofungua mlango: thamani ya shehena na mfuko wa mwenye mali. Hakuna mwoga aliyegeuka shujaa, hakuna mvivu aliyeamka. Kulikuwa na simu, wapatanishi, na fedha taslimu zilizoangushwa kwa mwavuli.

Kwa hiyo mimi silalamiki kwamba filamu inamchekesha haramia. Nalalamika juu ya aina ya ujasiri inaouza. Inamwambia mtoto kuwa ujasiri ni kwenda. Baharini, mara nyingi, ujasiri ni kukaa: kukaa siku mia tisa na zaidi bila kugombana na mwenzako juu ya kikombe cha maji, kumzuia kijana asijitupe, kuhesabu tarehe ukutani ili akili isikuache. Hilo halipigiwi muziki. Na halina nafasi kwa watu watatu kutoka nje wanaokuja kugundua udhaifu wao kwa gharama ya aliyefungwa.

MWALIMU: Mzee wangu, hoja hiyo ni nzito na sitaikwepa. Ni kweli, mateka humu ni sababu ya safari ya wengine. Hadithi haikai naye chumbani. Lakini nikujibu kwa hesabu yako mwenyewe. Unasema mwenye meli aliwaachia. Aliyewaachia alikuwa na uwezo, au angalau wajibu. Alichokosa ni kitu gani? Hicho ndicho filamu inachokizungumzia. Watatu hawa wanachukuliwa na mwito ambao haukuwahusu kwa damu wala kwa mkataba. Kila mmoja ana sababu yake nzuri ya kusema si mimi: sina nguvu, nimechoka, sifai. Na hadithi inazichukua sababu hizo moja moja na kuzikataa, mpaka inasema waziwazi kuwa shujaa hahitaji nguvu wala sura wala akili nyingi. Anahitaji kutenda lililo sawa hata likiwa gumu. Hilo halikuandikwa kwa ajili ya mabaharia wa Iceberg 1. Limeandikwa kwa ajili ya wale walioiona habari yao gazetini wakageuza ukurasa.

BAHARIA: Wengi waliogeuza ukurasa walikuwa watu wazima, Mwalimu. Filamu ya watoto haikuwafikia.

MHAKIKI: Nashukuru kwamba Mwalimu amelitaja lile somo, kwa maana limetamkwa, na kutamkwa kwake ndiko kunakonikera zaidi kuliko kofia. Hadithi inayokueleza imekufunza nini haikuamini. Lakini niliache hilo kwanza, nishike lililo chini yake. Ujasiri wa hawa watatu unatoka wapi? Unatoka juu. Kinashuka chombo, kinawachagua, kinawapeleka. Na nyuma ya chombo yuko Mfalme mwema anayejitokeza mwishoni. Kila aliyefuatilia VeggieTales anajua Mfalme huyo anamsimamia nani. Mfululizo ulianza kwa kumtaja Mungu bila haya. Filamu yake ya kwanza kubwa, ya mwaka 2002, ilikuwa ya nabii Yona, na hao hao maharamia watatu ndio waliompakia. Kisha kampuni iliyoutengeneza mfululizo huo ikafilisika, ikanunuliwa mwaka 2003, na mwaka 2006 vipindi vyake vilipoanza kurushwa na NBC, baadhi ya sehemu zinazomtaja Mungu zikakatwa. Inapofika 2008, Mungu amevaa taji akaitwa Mfalme. Naye ni mwigizaji sasa! Vischer mwenyewe alikuja kusema miaka ya baadaye kwamba alisikitika kuona alitumia miaka mingi kuwafundisha watoto tabia njema badala ya imani yenyewe. Kwa hiyo tumebaki na umbo la wito wa kidini lililotolewa kiini: mtoto anaambiwa asubiri kitu kiteremke kimchague. Watu wa ukanda huu tunaijua hatari hiyo. Ebrahim Hussein aliitungia tamthilia nzima, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Katika Vita vya Majimaji, maji ya Kinjeketile yaliwapa watu umoja na ujasiri, na ujasiri huo ukawapeleka mbele ya bunduki za Wajerumani wakiamini risasi zitageuka maji. Ujasiri wa kuletewa una bei.

MWALIMU: Umeniletea shahidi wangu. Chukua Kinjeketile, weka kando ya Mtafuta-Msaada, linganisha. Maji yaliahidi kinga. Aliyenyunyiziwa aliambiwa mwili wake umebadilika. Sasa niambie, Mtafuta-Msaada kinawapa nini hawa watatu? Hakiwapi nguvu, hakiwapi silaha, hakimwondolei Elliot woga wala Sedgewick uvivu. Kinawachukua kama walivyo na kuwaacha kama walivyo. Kazi yake ni kuita tu. Ukisoma tamthilia ya Hussein kwa makini, utaona hata yeye alizitenganisha sehemu hizo mbili. Kinjeketile anakuja kulitilia shaka lile dai la risasi, lakini mwishoni anakataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani, kwa sababu neno alilolizaa limemzidi kimo: wakiambiwa maji yalikuwa uongo, wajao watadhani kupigana kulikuwa uongo. Kinga inaweza kuwa ya uongo na wito ukawa wa kweli. Filamu hii, kwa bahati au kwa makusudi, imechukua wito ikaacha kinga. Mimi naona ni busara, tena kwa kazi inayotengenezewa watoto. Ingekuwa rahisi mno kumpa tango upanga wa ajabu.

Kuhusu somo kutamkwa: sielewi aibu hii ya wahakiki imetoka wapi. Haikutoka kwetu. Shaaban Robert alipoandika Adili na Nduguze mwaka 1952 alimwita shujaa wake Adili, akaandamana na msomaji ukurasa kwa ukurasa akimwonyesha wema ni nini na husuda huzaa nini. Nani alisema kitabu hakimwamini msomaji? Na hata hivyo, picha inayobaki kwa kila aliyekisoma si ya mahubiri. Ni ile ya Adili akiwachapa manyani kila usiku huku akilia, kwa kuwa manyani wale ni ndugu zake. Somo limetamkwa, na picha bado inasumbua. Viwili hivyo havigombani isipokuwa mtunzi akiwa dhaifu.

MHAKIKI: Lakini umejiumbua mwenyewe! Picha ile inasumbua kwa kuwa inalipinga somo kidogo. Adili mwema anapiga. Msomaji analala hajui amwonee huruma nani. Nionyeshe picha moja humu inayolipinga somo lake. Mimi nimeitafuta nikaipata moja, na waliotengeneza filamu sidhani waliiona. Ni pale mwisho. Kazi imekwisha, watatu wamerudishwa ukumbini, kwenye meza na sahani zao. Robert anawafuata huko. Haramia wa kweli wa karne ya 17 anaibuka katikati ya mchezo wa maharamia, mbele ya watu wanaokula chajio. Watatu wanapambana naye na kumshinda. Na wale watu? Wanashangilia. Hawana habari kwamba walichokiona ni hatari kweli; kwao ni onyesho lililonoga kuliko la jana. Hapo, kwa dakika chache, filamu imesema jambo kubwa kuliko somo lake: kwamba mtazamaji aliyeketi vizuri hawezi kutofautisha, na hahitaji kutofautisha, mradi chakula ni cha moto. Robert angeweza kumchoma mtu upanga na makofi yangeendelea. Nimekwambia tangu mwanzo jukwaa la haramia linamfanyia nini mtazamaji. Filamu imekuja kunikubalia yenyewe, kisha ikaendelea na wimbo.

MWALIMU: Wewe unawatazama walaji; mimi nawatazama watatu. Wanapewa kile walichokitamani tangu mwanzo, nafasi jukwaani, na wanaikataa, kwa kuwa Mtafuta-Msaada kimetokea tena. Makofi waliyokuwa wakiyaota yamekuja, na hawayahitaji. Mtoto analiona hilo bila kuhubiriwa. Aliyetaka kuonekana shujaa amekuwa mmoja, na papo hapo hamu ya kuonekana imekatika. Unataka picha inayosumbua? Fikiria mwigizaji anayepewa sehemu ya maisha yake akageuka kuondoka.

MHAKIKI: Nimefikiria, na ndiyo inayoniuma kuliko zote. Filamu ni kazi ya waigizaji. Sauti zile ni za Vischer na Nawrocki wenyewe, watu walioishi kwa kuigiza mboga tangu 1993. Nao wanafunga hadithi kwa kuwaambia watoto kuwa jukwaa ni mahali pa kuliacha ukishakuwa mtu kamili. Kana kwamba kuigiza ni mazoezi ya kitu kingine. Katika nchi ambazo msanii wa vichekesho bado anaulizwa ukweni ana kazi gani, hilo si jambo la kuchekea. Kinjeketile haikuhitaji mtu ashuke jukwaani ili neno lake liwe tendo. Kulisema palepale, mbele za watu, kulitosha kuwa tendo. Opera ya 1879, pamoja na makosa yake yote, haikuona haya kuwa opera. Hii inaona haya. Hata sokoni ilionekana hivyo, imekaa katikati ya njia: inatajwa kugharimu dola milioni 15 hivi, na majumba ya sinema yakarudisha kama milioni 13, wakati ile ya Yona, iliyojua inachohubiri, ilivuka milioni 25.

MWALIMU: Fedha za tiketi zisiwe hakimu wetu, tafadhali. Kwa mizani hiyo tungekuwa tumeshachoma vitabu vingi vizuri.

BAHARIA: Waacheni na tiketi. Mimi bado niko ukumbini, baada ya wote kuondoka. Mmesema walikuwa watumishi. Filamu inaanza kwa kuuonyesha utumishi ule kuwa ni mahali pa waliokwama, pa mwoga, pa mvivu, pa asiyejiamini. Na inaishia kwa kuwatoa hapo mara ya pili, safari hii kwa furaha. Mhakiki anaumia kwamba jukwaa limedharauliwa. Mwalimu anafurahi kwamba makofi yamekataliwa. Lakini jukwaa lina watu wake bado, na makofi yatapata wa kupigiwa. Meli yoyote inayofika bandari ya Mombasa inafika kwa sababu kuna mtu alipika, mtu akafagia sitaha, mtu akakesha mashineni akipaka grisi, na hao ndio walioachwa Iceberg 1. Hakuna chombo cha duara kilichowaibukia. Nami nauliza tu, kwa kuwa filamu haikuuliza: usiku ule watatu walipoondoka, sahani alikusanya nani?

MWALIMU: Labda ndiye anayefuata kuitwa.

BAHARIA: Kwa nini aitwe, Mwalimu? Yeye yuko kazini.